Mistari Mitano ya Dada

Kila Julai, matokeo ya kidato cha sita yakitoka, mimi mwalimu nisiyejua likizo hukaa kwenye steshenari ya jirani yangu hapa Bariadi mjini, nikiwasaidia vijana na wazazi wao kutuma maombi ya vyuo. Wanapanga foleni na bahasha zao za vyeti tangu asubuhi, na huwa nawafokea wanaposukumana. Mwaka huu katika foleni hiyo alikuwemo dada yangu mkubwa na binti yake, wametoka Migato na gari la alfajiri. "Mwangaluka," alinisalimia kwa adabu kana kwamba mimi ni ofisa asiyemjua. Rafiki yangu, nilikumbuka yale maturubai.

Nilikuwa darasa la nne, nyumbani kwetu Sapiwi. Baada ya mavuno, uani palikuwa na maturubai mawili: moja la pamba nyeupe, jingine la fifi, yaani ile yenye madoa na vipande vya majani. Watoto tulichambua pamoja na wazazi tangu asubuhi, tukitafuna michembe ya mama, vile viazi vilivyokaushwa, huku nyuzi zimetuganda midomoni. Harufu ya pamba iliyoshinda juani ninayo puani mpaka leo. Baba akikuta fifi kwenye turubai la nyeupe, siku hiyo hukai kwa amani.

Dada ndiye wa kwanza kwetu kufika kidato cha sita. Mwalimu wake, mgeni aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga, aliwaita wazazi Jumamosi moja akawaeleza habari za fomu za chuo. Fomu ilikuwa na mistari mitano, na kila mstari ulitaka kozi yake, kuanzia ile unayoitamani zaidi. Baba alikaa kwenye dawati la wanafunzi, kofia magotini, akasikia yote.

Aliporudi alimkuta dada ameketi kando ya turubai na fomu yake, ameshaandika udaktari kwa penseli, akifuatisha uuguzi, ualimu na kilimo. Baba aliinama akafuta ile ya pili kwa kidole mpaka karatasi ikachafuka.

"Mwanangu haandikwi fifi," alisema. "Ukiwaonyesha ya pili, watakupa ya pili. Andika udaktari mistari yote."

Dada alimtazama mama. Mama aliendelea kuchambua. Basi dada akashika kalamu, akaandika udaktari mara tano, kwa mwandiko mzuri kabisa.

Alama zake zilipungua kidogo tu kwa udaktari. Wenzake waliokuwa nyuma yake darasani waliitwa ualimu, wengine uuguzi, naye hakuitwa popote. Kabla ya maombi ya mwaka uliofuata alikuwa ameshaolewa Migato. Nilimkasirikia baba miaka mingi, sikufichi. Baba mwenyewe hakulitaja jambo hilo hata mara moja, ila msimu uliofuata hakukaa tena nasi kuchambua. Alipita kando ya maturubai akaenda kwenye ng'ombe wake.

Sasa baba hayupo, na ule ua umeota nyasi. Mwaka huu hapo steshenari, binti wa dada alinisogelea akasema, "Mama mdogo, nijazie udaktari tu. Hizo nyingine sizitaki."

Nilitaka kumfokea kama ninavyowafokea wengine, lakini dada alinitangulia. Aliongea taratibu, macho yake yakiwa kwenye kioo cha kompyuta.

"Jaza zote, mwanangu. Hata fifi babu yako alikuwa anaiuza."

Binti alitutazama, mmoja baada ya mwingine, akauliza fifi ni kitu gani. Kwao Migato waliacha kulima pamba kabla yeye hajazaliwa. Nilimsubiri dada amweleze, lakini dada alikuwa analia, yeye ambaye siku ile kwenye turubai hakudondosha hata chozi.