Sarafu Iliyoota Rangi

Sonara wa Migori hukagua sarafu kama mtu anayenusa maziwa ya jana. Hufuta lenzi kwa pindo la shati, huisogeza sarafu mlangoni penye jua, huiinamisha kidogo, hupumua kwa pua, halafu husema, "Rudi Alhamisi." Hii ni Alhamisi ya nne Pauline anatoka Rangwe, na amechoka. Sarafu ya fedha ya ukumbusho wa uhuru, aliyoachiwa na marehemu baba yake, imefungwa ndani ya plastiki pamoja na cheti cha daraja, kinachoonyesha ubora wake. Tangu ipimwe mwaka 1991 imeota samawati na zambarau ukingoni, rangi inayoweza kuipandisha daraja au kuishusha.

"Fundi, nataka jibu moja. Niipeleke ipimwe tena, ama niiache?"

"Ili ipimwe tena lazima plastiki ivunjwe, na cheti cha kwanza kife. Ngoja jua lisogee."

"Jua limesogea mwezi mzima."

Fundi alifungua droo akatoa sarafu kama ile, inayong'aa kama sufuria iliyotoka kusuguliwa. "Hii yangu ilikuwa na rangi kushinda yako. Nilidhani ni uchafu, nikaisugua na majivu. Sasa hakuna anayeitaka."

Pauline alikuwa amejaa maneno. Akauliza tu, Alhamisi aje saa ngapi.