Maksai wa Masanja

Ipo Jumamosi moja, mwanangu, kila nikiikumbuka nacheka peke yangu. Ilikuwa Mikumi, miaka ile ya ruksa ya biashara, mvua za kwanza zinanukia, na mimi ndiyo kwanza nimeanza kushika hela. Shule niliishia darasa la nne, lakini wenye vyeti walikuja kwangu kuomba kibarua, na hilo nalisema bila aibu. Nilikuwa nafuata vitunguu Lumuma, navishusha pale barabara kuu, mabasi yakisimama tu abiria wanagombania. Bati jipya la kwanza mtaani kwetu liling'aa juu ya nyumba yangu. Sikurithi hata jembe.

Jumuiya yetu ilikuwa ya familia chache tu. Kila Jumamosi jioni tunakutana nyumbani kwa mmoja wetu, kwa zamu. Tunasoma Neno, tunaimba, tunaombeana, tunaulizana hali, tunatawanyika. Mwenye nyumba akiwa na chai tunakunywa, asipokuwa nayo tunakunywa maji. Kiongozi wetu alikuwa Mzee Anania, mstaafu wa reli aliyetokea Munisagara, mtu mwembamba, mpole, ambaye hata wenye maduka walivua kofia wakimwamkia.

Zamu ilipofika kwangu nikasema hapana, kwangu watu hawaondoki hivi hivi. Nikachinja mbuzi, nikapikisha pilau, nikaleta soda kreti kwa kreti, nikaazima jenereta na redio kaseti yenye spika kubwa. Watu walikula, mwanangu! Neno nalo lilisomwa, nadhani, maana kwa ule mngurumo wa jenereta sikusikia vizuri. Mzee Anania alikula, akashukuru, akaaga. Mimi nikajua nimepatia.

Juma lililofuata zamu ilikuwa ya Masanja. Huyu alikuwa Msukuma, amehamia kwetu na mkewe Mama Kulwa na watoto wao, anaishi pembeni ya mji, upande wa mashamba. Jumuiya ilikuwa haijawahi kufika kwake. Mchana wa siku hiyo nilikuwa naongozana na Mzee Anania kwenda kumwona mgonjwa, nimevaa suti ya mitumba na raba nyeupe, mara tukakutana na Masanja anavuta maksai wake kwa kamba. Mkewe yuko nyuma, amenuna.

"Shikamoo, mzee," akasema Masanja.

"Marahaba. Leo si tunakuja kwako? Ng'ombe anakwenda wapi?"

"Mnadani."

"Kuna mgonjwa nyumbani?"

"Hakuna, mzee. Kuna wageni." Akanitupia jicho. "Juma lililopita watu wamekula pilau na soda. Leo waje kwangu niwape michembe, viazi vikavu?"

"Mimi nimemwambia," Mama Kulwa akadakia. "Jembe linavutwa na wawili. Ukimuuza huyu, mwenzake atalima na nani? Au nira utanifunga mimi?"

Nikacheka. Mzee Anania hakucheka. Aliyatazama mawingu, akamtazama yule ng'ombe, na mimi nikaona alichokuwa anakiona: mvua inakaribia, shamba la Masanja limekaa na majani yake, na watoto wale mwaka mzima watakula nini? Yote hayo kwa ajili ya jioni moja ya soda.

"Kijana," akaniambia, "juma lililopita ulitukaribisha, au ulitutambia?"

"Mzee wangu, mimi nilitoa kwa moyo."

"Moyo ulikuwa wako. Mzigo umembebesha huyu. Haya, shika kamba, mrudishe ng'ombe."

"Mimi, mzee? Na raba hizi?"

"Na raba hizo hizo."

Basi nikashika kamba. Yule maksai alikuwa na kiburi kuliko mimi, na ujue kunizidi mimi kiburi si kazi ndogo. Nikivuta kulia anakwenda kushoto, kila dimbwi la matope lililoachwa na manyunyu ya jana lazima apite katikati, na mimi nyuma yake. Wenzangu wa pale barabarani wakanipigia mbinja: "Bosi Vitunguu! Leo umenunua gari gani hiyo?" Mama Kulwa alicheka mpaka akakaa chini, kununa kote kumekwisha.

"Watanidharau, mzee," Masanja bado alikuwa ananung'unika.

"Mwenye kufuata pilau leo tutamjua," mzee akamjibu.

Jioni walikuja wote. Tulikaa kwenye ngozi na vigoda, goti kwa goti. Mama Kulwa akatupakulia michembe iliyochemshwa na karanga, na maziwa ya mgando kutoka kwenye kibuyu. Neno likasomwa na kila mtu akalisikia. Yule mama, ambaye kwangu hakufungua mdomo, aliomba kwa sauti, Kiswahili kikamwishia, akaendelea kwa Kisukuma, tukaitika amina bila kujua tumeitikia nini. Masanja akaanzisha wimbo wa kwao, makofi yakashika, Mzee Anania akasimama akacheza! Mvua ikashuka, hakuna aliyetaka kutoka, tukaimba mpaka ikachoka yenyewe.

Jumatatu yake maksai wote wawili walikuwa shambani, Masanja nyuma yao anapiga mluzi.

Sasa nisikilize. Leo nina malori, nina nyumba Kilosa na nyingine Mikumi, na hakuna wa kunifundisha kutafuta mali. Ila hili nilifundishwa, na wewe nakufundisha. Ibada ikija kwako, weka mbele ya watu kile ambacho mwenye nyumba ndogo kuliko zote anaweza kukiweka zamu yake ikifika. Ukiwa na cha ziada, mpelekee mtu kwake siku nyingine, kimyakimya. Ukitaka karamu, fanya karamu, waite Wakristo na Waislamu wale washibe, lakini zamu ya jumuiya usiiguse. Watu wachache wanaojuana kwa majina na shida zao, hao ni kanisa zima.

Mungu akujalie riziki nene na mkono mwepesi wa kutoa, mwanangu, na nyumba yako asiiogope mtu, wala wewe usiogope kuingia ya mtu yeyote. Amina.