Ramani Iliyowapeleka Wakwe Dar

Nasema mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu wa Utemini: kuku sita wa wageni waliliwa kwa amri yangu, na paja la mwisho lilikutwa mkononi mwangu.

Siku hiyo, nyumbani kwa kaka yangu huko Mwankoko, Singida, tulikuwa tunawangoja wakwe watarajiwa kutoka Kintinku waje kupanga mahari ya binti yake, Neema, na msemaji wa ukoo ni mimi (mtu ambaye hata chenji ya nyanya nahesabu mara mbili). Miadi ilikuwa saa nne. Saa sita mshenga wao akapiga simu: "Tairi limepasuka, tuko njiani." Sikumwamini, nikamtumia kiungo nikidai ni ramani ya kufika nyumbani, kumbe ni ile tovuti ambayo mtu akibonyeza tu inasoma anwani ya simu yake kwenye intaneti na kukutajia alipo. Akabonyeza. Nikaangalia mara mbili, ikajibu mara mbili: Dar es Salaam.

Nikasimama mbele ya wazee. "Wako Dar hawa! Waongo si watu wa kuwapa mtoto. Pakueni tule!"

"Baba mdogo, ngoja kwanza," akasema Neema, machozi yanamlenga.

"Mwanangu, mashine haina ndugu."

Tukala kwa hasira, na hasira ina njaa yake. Gari likaingia, vumbi hadi kwenye paa, tairi la akiba limefungwa mbele, akashuka mshenga, mzee mwenye mvi. "Shikamoo," nikasema, paja mkononi. Akaitazama mifupa (nadhani aliihesabu), akasikiliza mashtaka yangu yote, kisha akanirudishia kiungo changu: "Bonyeza na wewe, msemaji."

Nikabonyeza. Dar es Salaam.

"Karibu Singida," akasema. "Za safari?"

Neema akanieleza kwamba ile tovuti huonyesha intaneti ya kampuni ya simu inakotokea, siyo mtu alipo. Sasa kwa nini isiseme haijui? Hata mlevi ukimuuliza njia husema sijui! Mkoa mzima na alizeti zake tunahamishiwa pwani, hakuna wa kuomba radhi.

Nilikuwa nimepanga kuwatoza faini ya kuchelewa. Wakatutoza sisi mbuzi wawili kwa kula chakula cha wageni, na nilipotaja ng'ombe kumi na wawili mshenga akauliza, "Kwa bei ya Singida au ya Dar?" Watu wakacheka mpaka nikakubali wanane.

Neema ameolewa, ananisalimia. Mimi nikitaka kujua mgeni kafika wapi, natoka hadi barabarani kuangalia. Mara mbili.