Sashe Juu ya Sufuria ya Wali

Sogeeni karibu, bajukuu, na mwenye anatafuna anyamaze kwanza.

Juzi sokoni, kule mjini Baraka, nilimuona mama mpishi akifunika wali kwa sashe, ule mfuko wa plastiki, pale mama zetu walipofunika kwa majani ya ndizi. Mvuke ulipopanda, sashe ikalegea, ikashikamana na wali. Mwanamke mwenye mimba kubwa alikuwa ameshanyoosha sahani yake.

“Mama, plastiki inayeyuka ndani ya chakula!” nikamwambia mpishi.

“Koko, mzee wangu, iko safi. Niliiosha na sabuni mara mbili.”

“Na ile dawa yenye banatengenezeaka plastiki, utaiosha na sabuni gani?”

Akapiga makofi, akacheka. “Majani ni mambo ya zamani, Koko! Siye tuko bantu ba mujini.”

Mji gani huo, unaolisha mtoto plastiki hata hajazaliwa?

Yule mwenye mimba akaangalia sufuria, akashika tumbo, akarudisha sahani, akaenda kununua muhogo wa kuchoma.

Basi, wateja waliobaki walirithi wali pamoja na sashe yake. Mimi nilirithi matusi ya mpishi. Mtoto wa tumboni alirithi muhogo wa kuchoma, na mama mwenye macho.