Madebe Mawili ya Udongo Uliochomwa

Siku ile uani kwetu Lizaboni tulikuwa watano: mimi, mdogo wangu wa kike, mama mdogo aliyetoka Maposeni, bibi jirani wa Tunduru, na mwalimu mstaafu wa nyumba ya pili. Katikati yetu palikuwa na pakiti moja ya mbegu za nyanya. Nyanya za msimu ule ndizo zilizotakiwa kumpeleka mdogo wangu shule ya bweni. Mimi niliacha shule darasa la sita, mama alipomfuata baba kaburini, na niliapa kuwa yeye hataacha.

Kila mmoja alikuja na chake. Bibi alileta debe la udongo alioufunika kwa mabua ya mahindi akauchoma, kisha akaulaza wiki kadhaa. Mama mdogo alileta mbolea ya kuku. Mwalimu alileta mfuko wa dukani wa makumbi ya nazi yaliyosagwa, mepesi kama pamba.

"Mwalimu, Songea hakuna minazi," mama mdogo alisema. "Hizi nyanya zitajuaje kula nazi?"

"Na hiyo mbolea yako bado inanuka, mama. Itaunguza mizizi."

"Inanuka kwa sababu ina nguvu! Wewe umefundisha hesabu, umelima lini?"

Bibi alikuwa akicheka tu. "Mjukuu wangu, udongo wangu hauna mdudu. Basi."

Walinitazama wote. Marehemu mama alikuwa akisia mbegu za nyanya kila mwaka, nami nilimbebea maji. Nilijaribu kukumbuka alichanganya nini. Nilikumbuka mikono yake tu.

Bibi alitulisha mwezi mzima baada ya msiba. Mama mdogo aliuza mbuzi kwa ajili yetu. Mwalimu alimfundisha mdogo wangu bure. Ningemwambia nani kuwa chake sikitaki? Nikachukua bakuli nikapima sawa kwa sawa, kama ninavyogawa chakula nyumbani, nikachanganya vyote.

"Dada, bakiza nusu ya mbegu," mdogo wangu alininong'oneza.

"Kwa nini?"

"Bakiza tu."

Nilibakiza nusu kwenye pakiti.

Siku ya saba miche ilichungulia. Siku ya kumi shina lilikuwa jembamba kama uzi pale linapogusa udongo, na miche ikalala. Niliimwagilia maji, ikalala zaidi. Niliacha kuimwagilia, ikakauka. Nikaenda kwa bibi.

"Shikamoo, bibi. Miche imekufa."

"Marahaba. Uliweka nini kwenye udongo wangu?"

"Kila kitu."

Alicheka mpaka kanga ikamdondoka. "Ungesema tu hutaki cha mmoja wetu. Ningenuna siku mbili, ya tatu ningekuja kuomba chumvi."

Kisha akaacha kucheka. Nyuma ya jiko lake palikuwa na debe la pili la udongo ule, alilolitunza kwa ajili ya kitalu chake mwenyewe. Akanisukumia.

"Na wewe, bibi?"

"Mimi simpeleki mtu bweni."

Zile mbegu nilizobakiza nilizisia humo, bila kuongeza hata kijiko cha kitu kingine. Zilisimama. Zilipofikisha majani manne nilizihamishia shambani jioni, jua likiwa limepoa, kila mche na donge lake la udongo. Mama mdogo alipokuja alizunguka matuta akitabasamu.

"Umeona mbolea yangu?"

Mpaka leo sijui kilichoua miche ya kwanza: ni mbolea, ni maji yangu, au ni ule mchanganyiko wenyewe. Mwalimu ana maelezo yake, mama mdogo ana yake, na nikiwasikiliza wote nachanganyikiwa upya.

Mdogo wangu yuko bweni. Bibi hakupanda nyanya mwaka ule. Alinunua zetu, akakataa kupewa bure. Anachotaka ni madebe yake mawili, ya udongo niliouchoma mwenyewe. Nimekusanya mabua mara mbili, na mara zote mbili mvua imeyawahi kabla sijayachoma. Madebe yake bado yako kwangu, matupu.