Siku Wigi Langu Lilipoingia Ziwa Kivu

Wenzangu, hili jambo ofisini wote wanalijua, walinzi wanalijua, hata mama anayetuuzia chapati pale chini analijua, kwa hiyo sioni kwa nini nyinyi mlikose, ila naomba mnisikilize mpaka mwisho ndipo mcheke, maana mtu akianza kucheka nikiwa katikati napoteza mpangilio. Mimi Assumpta, mtu mzima mwenye miaka arobaini na kitu (hicho kitu msikiulize), niliaibika mbele ya mkurugenzi wangu kwa sababu ya nywele ambazo hata si zangu.

Mnaonijua tangu tunakua Karagwe mnakumbuka nilivyokuwa na nywele, shangazi zangu walikuwa wanapokezana kunisuka. Sasa miaka ya kusuka na kubana na kupaka dawa ikafanya kazi yake, paji la uso likaanza kurudi nyuma taratibu, mpaka siku moja nasimama kwenye kioo nyumbani kwangu Kabeza, hapa Kigali, naona paji limekaribia utosini. Nikanunua wigi. Tangu hapo ofisini hakuna aliyewahi kuniona bila wigi, hata Nyambura, rafiki yangu Mkenya ninayekaa naye meza moja na kula naye kila mchana. Nilikuwa radhi wajue mshahara wangu kuliko wajue kichwa changu.

Basi ofisi ikapanga safari ya Jumamosi kwenda Ziwa Kivu, tukapige makafi kwenye vile vimtumbwi vya plastiki vinavyoitwa kayaki, tupite chini ya majabali, tule samaki, turudi. Mimi nikajinunulia wigi jipya la safari, refu, linafika mabegani, jeusi linang'aa. Kawaida wigi nalibandika kwa gundi kuzunguka kichwa chote, na gundi inataka muda ikauke. Asubuhi ile basi liko njiani, Nyambura ananipigia, "Wee Assumpta, tunakungoja hapa barabarani, dereva anaanza kununa!" Nikaitazama gundi, gundi ikanitazama. Nikasema, ah, leo gundi ya nini, si nakwenda kukaa tu kwenye kamtumbwi? Nikalivaa hivyo hivyo, nikatoka mbio. Uamuzi wenyewe ulikuwa huo, jamani, mdogo hivyo.

Tulipofika ziwani tukagawanyika. Waliokuwa na roho za kayaki tukapewa kila mtu ya kwake, na walioogopa wakapanda boti ya injini, na huko ndiko alikokuwa mkurugenzi wetu, Mzee Gasana (mtu wa suti, hata siku hiyo alivaa viatu vya ngozi), pamoja na Mama Donata wa uhasibu, aliyekulia Uganda, na ambaye alianza kuomba kabla boti haijafunguliwa kamba. Sisi wa kayaki tulikuwa na kiongozi wetu, Fiston, jamaa mwenye ndevu na Kiswahili cha upande wa pili wa ziwa. Akatuvalisha majaketi okozi, akatukabidhi makafi, akasema, "Muguse maji huku, muguse na huku, haina matata."

Matata yalikuwa kwenye kola. Ile kola ya jaketi ni ngumu na inapanda hadi kisogoni, kila nikipiga kafi inalisukuma wigi mbele, linanifunika macho. Nainua mkono mmoja kulirudisha, mkono wa pili unaendelea kupiga kafi upande mmoja, na kayaki ikipigwa upande mmoja inazunguka. Nikawa nazunguka palepale kama kuku aliyezidiwa na jua, wenzangu wanapita wananiangalia, Nyambura anauliza, "Unatafuta nini hapo?" na Fiston anaita, "Mama, mikono miwili! Kichwa yako iko sawa, mikono miwili!" Angejua.

Lakini niseme ukweli, pale ni pazuri. Majabali yamesimama wima kutoka majini, mekundu yenye tabaka za njano, kama mchanga uliopangwa na mtu halafu ukagoma kubomoka, na maji yako safi kiasi kwamba unaona jabali linaendelea kushuka chini yako, na visamaki vinapita juu ya kivuli chako. Nikajisogeza karibu kabisa na jabali, kwanza kwa sababu ya uzuri huo, pili kwa sababu nilitaka wote watangulie nipate nafasi ya kulikaza wigi vizuri bila kuonekana. Wakatangulia kweli. Fiston akageuka akanionyesha dole gumba, nami nikamrudishia.

Kwenye ufa wa jabali kulikuwa na kichaka kimeota, tawi lake limejitokeza juu ya maji. Nikaliona, nikainama, kayaki ikapita. Mimi nikapita. Wigi halikupita.

Nikahisi upepo kichwani, upepo wa moja kwa moja, wa miaka mingi sijauhisi hadharani. Nikageuka, naliona limening'inia kwenye tawi, linabembea. Nikapiga kafi kurudi nyuma, nikalisogelea, nikainua kafi nilitungue, nikaligusa kidogo tu, likadondoka majini na kuanza kuondoka zake na mkondo. Na wakati huohuo nikasikia injini. Boti ya akina Mzee Gasana ilikuwa inakuja kukata kona ya jabali.

Pembeni yangu kulikuwa na upenyo kwenye jabali, kama kijipango. Nikajisukumia humo, kayaki na yote, nikashika mwamba kwa mikono miwili, kichwa kitupu, nikaomba boti ipite haraka.

Haikupita. Nahodha alizima injini. Kisha nikamsikia anasema kwa sauti ya chini, ile ya kanisani, "Mutulie wote. Pale mbele iko fisi maji."

Kwa wasiomjua, fisi maji ni yule mnyama wa manyoya anayeogelea na kula samaki, na kumbe nahodha tangu asubuhi alikuwa amewaahidi kuwaonyesha mmoja. Simu zikatoka. Nikachungulia nikaona wigi langu limejitandaza vizuri juu ya maji, nywele zinapanda na kushuka na mawimbi, linapumua kabisa! Mzee Gasana akawa anarekodi huku anatangaza, "Hapa tunamwona fisi maji akiwa anapumzika katika mazingira yake." Mama Donata akasema, "Mana yanjye, Mungu wangu, hata macho haionekani." Mtu mmoja akamtupia sambaza wa kukaanga, kale kasamaki kadogo ka ziwa hilo. Sambaza akatua juu yake, akakaa.

"Hakuli," Mzee Gasana akasema.

Wakangoja. Wigi likazunguka polepole, sambaza mgongoni.

"Nafikiri amekufa," nahodha akasema kwa huzuni, na Mama Donata akasema maskini, labda ana watoto mahali. Ndipo Mzee Gasana, mtu wa taratibu, akasema haiwezekani kumwacha hivyo, lazima tumchukue tukatoe taarifa kwa wahusika wa wanyama. Nahodha akachukua mti wenye ndoano, akauelekeza. Nami nikawaza mambo mawili: nikinyamaza, kichwa changu kitapigiwa ripoti serikalini, na mimi nitarudi Kigali na nini? Basi mdomo ukaniponyoka kutoka ndani ya jabali:

"Muacheni! Huyo ni wangu!"

Boti nzima ikageuka. Nikatoka kwenye upenyo ule polepole, kafi mkononi, kichwa kinameta juani. Nahodha alikuwa tayari amemwinua yule mnyama, maji yanachuruzika, na wavu wa ndani umeonekana. Mzee Gasana akalipokea kwenye ndoano, akalikung'uta, akamtoa sambaza, kisha akanyoosha mikono yote miwili kunikabidhi kwa heshima, kama mtu anayetoa zawadi harusini. "Assumpta," akasema, "ihangane. Pole sana."

Ile pole ndiyo ilinimaliza. Nilianza mimi kucheka, wala si wao, nikacheka mpaka tumbo likakaza, Mama Donata akanifuata, halafu boti yote, na katika kule kucheka kayaki ikainama nikatumbukia. Maji baridi yakanishika kichwa kizima, na nikiwa kule chini nikafumbua macho nikaona jabali linashuka, linashuka hadi kwenye buluu, na nikasikia raha ambayo siwezi kuwaelezeni. Jaketi likanirusha juu. Fiston alikuwa amerudi mbio kwa makafi, na nyuma yake Nyambura, ambaye alinitazama kichwa, akatazama wigi kwenye boti, akasema tu, "Kumbe ndiyo maana ulikuwa unazunguka!"

Nikapandishwa kwenye kayaki. Mchana wote uliobaki nilipiga makafi kichwa wazi, mikono miwili, na nawaambia nilikwenda mbele ya wote.

Video ipo. Mzee Gasana alikuwa ameshaituma kwenye kundi la ofisi kabla hata ya nahodha kuchukua ndoano, na hadi leo hajaifuta, anasema sauti yake ilitoka vizuri. Mimi ziwani nitarudi, hata kesho mkiniita, lakini kuingia majini na nywele zisizo zangu, nimeapa mbele ya Mungu na Mama Donata, basi.

Jumapili nilikwenda kwa kinyozi kule Kagugu, akanyoa kila kilichobaki. Jumatatu asubuhi nikafika ofisini, mlinzi tunayesalimiana naye kila siku akasimama mlangoni, akaniuliza kwa adabu, "Mama, unatafuta nani?"

Nikamwambia, "Assumpta wa ghorofa ya pili."

Akanijibu, "Bado hajafika. Kaa hapo umungoje."

Nikakaa.