Miaka Kumi na Mmoja Ufukweni Bila Kulowa

Saa moja na robo asubuhi, nje ya geti la bandari, mwanamume amesimama kando ya gari lake la abiria saba, anapiga miayo. Mkono wake wa kushoto una saa mbili. Wa kulia umeshika kipande cha boksi kilichoandikwa kwa rangi ya bluu: UFUKWENI, KWENDA NA KURUDI. Neno KURUDI limepigiwa mstari mara tatu.

Ndani ya uzio, meli ya watalii imefunga gatini. Ina ghorofa kumi na mbili na ni nyeupe kama friji iliyotoka dukani. Abiria wanaanza kuteremka ngazi, wamepakwa mafuta ya jua tayari, kana kwamba jua la huku huuma kuanzia kwenye ngazi.

Madereva wenzake humwita Bwana Dakika. Ana miaka hamsini na minane, mgongo usiomsamehe, na uchovu ambao mkewe anasema umekwisha kuwa mwanafamilia. "Tunakula naye," anasema mama huyo. "Kasoro hatumpigi picha."

Abiria anayeshuka hapa ana njia mbili za kufika ufukweni. Anaweza kulipa dola themanini melini, afungwe utepe mkononi na kupanda basi lenye kiyoyozi. Au anaweza kutoka getini kwa miguu yake na kupatana na watu kama Bwana Dakika kwa dola ishirini na tano.

Tofauti si bei peke yake. Basi la meli likichelewa, meli inalisubiri. Gari la Bwana Dakika likichelewa, meli inapiga honi na kwenda zake.

"Hilo nawaambia kabla hawajauliza," anasema. "Nusu yao wanageuka palepale. Wanaobaki ndio wateja."

Hakuanza na uaminifu huo. Aliupata mwaka juzi, kwa aibu. Alichukua mume na mke, akawaambia wangeondoka ufukweni saa tisa kamili. Wakaondoka saa tisa kamili. Kumbe meli ile haikuwa imerudisha saa zake nyuma ilipoingia bandarini, na muda wake ulikuwa mbele kwa saa nzima. Walipofika gatini walikuta maji matupu.

"Meli ilikuwa ndogo kama kiatu," anakumbuka. "Yule mama alikuwa bado na taulo shingoni. Hakunitukana. Angenitukana ningepona mapema."

Wageni hao walilala kwake siku mbili wakisubiri ndege. Bwana yule alipewa kitanda cha mtoto wa mwisho wa Bwana Dakika, na miguu yake ilitokeza nje kama ngazi iliyosahauliwa na mafundi. Ofisi ya bandari nayo ilimwandikia barua fupi: akirudia, kitambulisho chake cha geti kitachukuliwa, na hakitarudishwa.

Ndipo ilipokuja saa ya pili mkononi, ile ya meli. Ndipo pia ilipokuja saa ya tatu, ile kubwa ya jikoni yenye kengele mbili kichwani, ambayo mkewe aliipenda na hajaacha kuidai. Kwa mujibu wa kanuni aliyoitunga Bwana Dakika mwenyewe na kuipitisha bila kupingwa, saa hiyo hukaa juu ya kiti ufukweni, yeye hukaa kando yake, na hakuna kati yao anayeruhusiwa kusogea. Ikilia, watu hutoka majini. Watoto wa bweni hawatii kengele kama wanavyotii wazungu wa Bwana Dakika.

Matokeo ya kanuni hiyo ni haya: katika miaka kumi na mmoja ya kupeleka watu baharini, hajawahi kuingia majini hata mara moja. Kabla ya saa alilinda viatu vya wateja. Siku hizi analinda saa.

Alhamisi hiyo, basi la meli lilipotoka getini, dereva wake alipunguza mwendo na kushusha kioo. Ni shemeji yake, kaka wa mkewe, mwenye shati jeupe na tai.

"Shemeji! Leo umeokota wangapi?"

"Wawili."

"Wawili? Mimi ninao arobaini na mmoja, na wote wanapulizwa baridi."

"Samaki nao hupulizwa baridi, shemeji. Uliza wanapelekwa wapi."

Shemeji alicheka, kisha akainama dirishani. Kampuni ya mabasi ilikuwa na nafasi ya dereva. Mshahara wa kila mwezi, meli ziwepo zisiwepo. Alikuwa ameshampendekeza. "Lakini wanataka jibu leo jioni. Dada ameniambia nikubane. Shemeji, huna umri wa kukimbizana na meli."

Mkewe hakanushi. "Nilimwambia asubuhi: ukirudi na jibu la hapana, rudi na saa yangu."

Wateja wawili wa siku hiyo walikuwa fundi bomba mstaafu na mkewe, mwanamke mnene mcheshi aliyetembelea fimbo. Mume alitaka basi. Aliposikia kwamba meli haitawasubiri, alimtazama mkewe kama mtu aliyeshinda kesi.

"Basi linakaa ufukweni dakika arobaini," mke akamjibu. "Magoti yangu yanataka ishirini kufika majini na ishirini kutoka. Nitaogelea lini?"

Wakapanda gari la Bwana Dakika.

Mwisho wa kupanda meli ulikuwa saa kumi na nusu kwa saa za meli, yaani saa tisa na nusu kwa za nchi kavu. Safari ni nusu saa. Kengele aliitega ilie saa nane kamili, akabakiza saa nzima ya tahadhari. Mama yule aliingia majini saa nne, akaketi penye kina cha kiuno, na kwa saa nyingi hakutaka chochote zaidi duniani. Mumewe alimpelekea maji ya kunywa mara mbili huku akiangalia saa. Basi la meli, likiwa limepitia kwanza madukani, lilikuja saa saba na nusu mchana, likateremsha watu wake, likawapakia tena kabla nywele hazijakauka.

Saa nane kamili kengele ililia. Saa nane na robo gari lilikuwa barabarani. Saa nane na dakika ishirini lilisimama.

Mbele yao, kwenye kona nyembamba kuliko zote, basi la meli lilikuwa limekaa mkingamo. Lilijaribu kupisha lori, gurudumu la nyuma likatumbukia mtaroni. Barabara ile ni moja tu, huku ukuta, huku mtaro.

Bwana Dakika alishuka. Aliangalia saa ya juu mkononi, ya nchi kavu, akaangalia ya chini, ya meli, na zote zilisema jambo lile lile: muda unakwisha.

"Tulia, shemeji," dereva wa basi alimwambia, tai ikiwa begani. "Winchi inakuja. Meli haiwezi kuondoka bila hawa."

"Bila hawa, ndiyo. Bila wangu je?"

"Kwani wako watapitia bahari ipi? Hawa wakisubiriwa, si wote mmesubiriwa?"

Hakuridhika na hesabu hiyo. Alimwendea mwongoza watalii, msichana mwenye bendera ndogo, na kumwomba apige simu melini mbele yake. Alisikiliza kwa masikio yake mawili. Sauti ilisema meli itangoja, kuondoka kumesogezwa mbele kwa saa moja na nusu. Akaomba irudiwe. Ikarudiwa, kwa ukali kidogo.

"Nilikaa chini barabarani," anasema. "Miaka kumi na mmoja hakuna meli iliyowahi kuningoja. Sikujua mikono niiweke wapi."

Mama mwenye fimbo alitoa kichwa dirishani. "Kama tunangojwa," akasema, "turudi majini."

Gari likageuka. Abiria arobaini na mmoja wa basi walilitazama likiondoka kupitia vioo vya giza. Kanuni za bima haziruhusu washuke nje ya kituo. Shemeji naye hawezi kuliacha basi. Ana miaka saba ya kwenda ufukweni huo, na viatu vyake havina hata chembe ya mchanga.

Huko, Bwana Dakika alifanya jambo ambalo mashahidi wawili wamelithibitisha. Alivua saa ya juu. Alivua saa ya chini. Alimkabidhi fundi bomba saa ya jikoni, akakunja suruali na kuingia baharini mpaka magotini. Alisimama hivyo nusu saa, mikono kiunoni, kama mtu anayekagua nyumba anayotaka kupanga.

"Maji ni ya vuguvugu," aliripoti alipotoka. "Wateja wamekuwa wakiniambia. Nilidhani ni adabu tu."

Winchi ililivuta basi, na gari dogo likalifuata kwa nyuma hadi bandarini. Mama mwenye fimbo alipanda ngazi bila haraka. Shemeji alikuwa akingoja getini.

"Haya, niwaambie nini?"

"Waambie ahsante, hapana. Kwenye basi lako ningesubiriwa, shemeji, lakini ningesubiriwa nikiwa kitini."

Nyumbani, mkewe alisikiliza habari yote akiwa amesimama mlangoni. Kisha akanyoosha mkono kudai saa yake. Bwana Dakika hakuitoa. Alisema Alhamisi ijayo meli nyingine inaingia, na kiti cha mbele hakina mtu. Angetaka mkewe aje aishike saa, ili yeye aingie majini mpaka kifuani.

Mkewe alitazama suruali ya mumewe iliyoganda chumvi mpaka magotini.

"Nitaishika," akasema. "Nusu saa. Halafu unaishika wewe, na mimi naingia."